Sokurov na Swali la Uhuru wa Msanii

Wahakiki wengi wakisema "msanii huru" huwa na maana ya mtu asiyekula fedha ya serikali. Mimi nasema kipimo hicho hakitoshi. Ushahidi wangu ni Aleksandr Sokurov, mwongozaji filamu wa Urusi aliyezaliwa mkoa wa Irkutsk mwaka 1951.

Sokurov alisoma historia huko Gorky kabla ya kuingia chuo cha filamu cha Moscow mwaka 1975. Filamu yake ya kuhitimu, Sauti ya Upweke ya Mwanadamu (1978), iliyotokana na kazi za Andrei Platonov, ilikataliwa. Tarkovsky akamtetea, naye akapata kazi studio ya Lenfilm. Huko nako mambo yakawa yale yale: anatengeneza, wanafungia kabatini, mpaka enzi za Gorbachev. Sasa hebu tujiulize, studio ilikuwa ya nani? Ya serikali! Kamera na mishahara, vyote vya serikali. Uhuru wake ulikuwa katika fani.

Tutazame fani hiyo. Katika Mama na Mwana (1997) kijana anamuuguza mama yake anayekaribia kufa. Kisa ndicho hicho tu. Aliyezoea sinema za ngumi atasinzia, sikatai. Lakini picha zimepindishwa kwa lenzi, vioo na rangi hata mandhari ikafanana na mchoro. Hizo si mbwembwe. Ndivyo dunia inavyoonekana kwa mtu anayesubiri msiba.

Safina ya Urusi (2002) ilipigwa kwa mkupuo mmoja wa dakika 90 hivi, bila kukata, tarehe 23 Desemba 2001 katika jumba la Hermitage. Majaribio matatu yaliharibika, la nne likafaulu. Hapa fani inabeba dhamira: karne zinapita chumba kwa chumba, wafu na walio hai wakipishana mlangoni. Wapo wanaodai anawalilia wafalme. Hoja ina uzito, maana enzi ya Wasovieti anaipita mbio mbio.

Hata hivyo, tusisahau Moloch (1999), Taurus (2001) na Jua (2005), ambamo Hitler, Lenin na Hirohito wanavuliwa utukufu wakabaki watu dhaifu. Faust, iliyofunga mfululizo huo, ilipata Simba wa Dhahabu mjini Venice mwaka 2011, nayo ilitengenezwa kwa msaada wa serikali. Je, alinunuliwa? La hasha! Desemba 2016, mbele ya Putin mwenyewe, alimwombea Oleg Sentsov, mwongozaji wa Ukraine aliyefungwa miaka 20. Akakataliwa hadharani. Mwaka 2023 filamu yake iliyotoka 2022, Hadithi, ilinyimwa kibali cha kuonyeshwa Urusi.

Kwa hiyo, kuuliza nani kalipa ni nusu tu ya uhakiki. Nusu ya pili ni kuuliza aliyelipwa alisema nini mbele ya mlipaji, na alikuwa tayari kupoteza nini. Kwa kipimo hicho, Sokurov ni msanii huru.