Nani anachagua nyimbo? Madijei wa kike, kutoka Kampala hadi Kesses

Wiki mbili kabla ya Idd, binti ya ndugu yangu alinipigia simu kutoka Kesses. Anasoma Chuo Kikuu cha Moi, kampasi kuu, mwendo wa kama kilomita 35 hivi kutoka jiji la Eldoret. Ni mahali pa baridi na mashamba ya mahindi, na mtoto wa Mombasa akifika huko wiki ya kwanza hulala na sweta mbili.

"Assalaam aleikum shangazi. Wasichana wamenipa kazi, na baba akisikia sijui itakuwaje."

Kazi yenyewe ni hii. Wasichana Waislamu wa chuoni walitaka sherehe yao ya Idd, wanawake watupu, mlango umefungwa, mabuibui yavuliwe, watu wacheze. Ukumbi walishapata, spika walishaazima. Kilichobaki ni mpiga muziki. Madijei wote waliowajua ni wavulana, na mvulana akiingia, buibui halivuliki. Basi binti yetu, kwa kuwa ana laptopu na ana mdomo, akaambiwa: wewe ndiwe dijei.

Alitaka nimwambie mambo mawili: apige nini, na je, kuna mwanamke mwenye heshima zake anayefanya kazi hii? La pili ndilo alilotaka jawabu lake zaidi, kwa sababu ndilo babake atakalouliza. Nilimjibu kwa simu nusu saa. Haya hapa ni majibu yale yale, nimeyapanga vizuri kidogo, kwa sababu najua si yeye peke yake anayeuliza.

Nianze na Kampala, na wala si mbali. Ukiwa Eldoret, Jinja iko karibu nawe kuliko Mombasa. Huko Uganda kuna DJ Rachael, jina kamili Rachael Kungu, aliyeanza kupiga muziki katika miaka ya 1990, wakati mwanamke nyuma ya mashine alikuwa kitu cha kushangaza. Wengi humhesabu kuwa dijei wa kwanza wa kike nchini mwake. Mwaka 2016 alianzisha kundi liitwalo Femme Electronic. Lengo lake si kubwa la kutisha: kuwakusanya wasichana, kuwaonyesha mashine, kuwafundisha kuunganisha nyimbo na hata kutengeneza muziki wao, halafu kuwapa jukwaa wapige mbele za watu. Hilo la mwisho ndilo muhimu. Kufundishwa bila kupewa jukwaa ni sawa na kujifunza kuogelea kwenye karai.

Kampala hiyo hiyo yuko Kampire Bahana, ambaye watu humwita Kampire tu. Ni Mganda aliyekulia Ndola, Zambia, na jina lake limekua pamoja na tamasha la Nyege Nyege lililoanza Jinja mwaka 2015. (Kwa Kiganda neno hilo ni ile hamu ya kucheza inayokushika ghafla. Kwa Kiswahili chetu lina maana nyingine, na siwezi kuifafanua mbele ya wakwe zangu.) Tamasha hilo limekuwa na vita vyake. Mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda alitaka kulifuta, na mwaka 2022 wabunge walitaka lipigwe marufuku kabla ya serikali kuliruhusu kwa masharti, likafanyika kwenye maporomoko ya Itanda. Mimi mwenyewe sitampeleka binti yetu huko. Lakini nitamwambia asikilize kile Kampire alichokichagua.

Mwaka 2024 alitoa mkusanyiko uitwao A Dancefloor in Ndola, kupitia kampuni ya Strut. Hakuimba hata neno moja humo. Alichofanya ni kukaa na kukumbuka muziki uliokuwa ukipigwa alipokuwa mtoto, kwenye karamu za wazazi na nyumba za jirani: soukous ya Kongo, muziki wa Zambia, dansi ya mjini ya Afrika Kusini. Humo ndani kawapa nafasi wanawake, wakiwemo M'bilia Bel na Feza Shamamba. Ukiwa na umri wangu, M'bilia Bel huhitaji kuelezwa. Sauti yake na bendi ya Afrisa ya Tabu Ley, miaka ya 1980, ilikuwa ikitoka kwenye kila redio ya jikoni. Lakini msichana wa miaka ishirini hakuikuta. Kampire amemwekea mezani, na ndiyo kazi ya dijei, kama nilivyomwambia binti yetu: si kubonyeza kitufe, ni kuamua nini kisipotee.

Kwetu Kenya yuko Coco Em, yaani Emma Nzioka wa Nairobi, ambaye pia ni mtu wa kamera na filamu. Mwaka 2022 alitoa kazi yake iitwayo Kilumi, kwa kampuni ya InFiné ya Ufaransa. Jina hilo halikutoka hewani. Kilumi ni ngoma ya Wakamba, ngoma ya mizimu na ya kuomba mvua, na wenyewe hasa ni wanawake wazee. Yeye kaichukua ngoma ya bibi akaitia kwenye kompyuta. Ameanzisha pia kundi la Sim Sima, la kuwafundisha wanawake kupiga na kutengeneza muziki, na Nairobi iyo hiyo kuna Santuri, wenye chuo cha muziki wa kielektroniki ambako wasichana wengi wamepata mashine za kujaribia. Mtu akiniuliza msichana wa Kenya aanzie wapi akiwa na nia ya kweli, nitamwelekeza hapo.

Wa nne ni Pierra Makena, na huyu hata mama yangu anamjua, kwa sababu kabla ya kuwa dijei alikuwa mwigizaji wa televisheni. Yeye hafuatilii mambo ya kale wala majaribio. Anapiga kinachopendwa, watu wanacheza, analipwa, na ana hafla yake mwenyewe ya Park and Chill. Kuna wanaomdharau kwa hilo. Mimi simdharau. Mwanamke anayemiliki hafla yake hasubiri mtu amwite, wala hapunguziwi malipo mlangoni.

Sasa nirudi nyumbani Pwani, kwa sababu hapa ndipo ndugu yangu atakaponisikiliza.

Jambo la mwanamke kuchagua nyimbo ya wanawake wenzake halikuletwa na Kampala. Mombasa ilikuwa na vyama vya lelemama, Ibinaal Watan na Banu Saada, vikishindana kwa sare, kwa nyimbo na kwa mafumbo. Mwanahistoria Margaret Strobel ameviandika katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa. Walipanga wenyewe, walichanga wenyewe, na waliamua nani aimbiwe nini. Zanzibar, Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa na ngoma zake za unyago, na unyago hauna mwanamume. Na hata leo Zanzibar kuna Tausi, kundi la taarabu la wanawake watupu, wanaopiga fidla na kanuni wao wenyewe.

Mambo yalibadilika, kwa maoni yangu, zilipokuja kanda na spika kubwa. Nilipokuwa msichana, kanda za taarabu Mombasa zilitoka Mbwana Radio Service, na kila nyumba ilikuwa na sanduku lake. Nyimbo bado zilikuwa zetu, lakini mashine ikawa ya mwanamume, kwa sababu ndiye aliyekuwa na pesa ya kuinunua na gari la kuibeba. Wanawake waliokuwa wakipanga kila kitu wakaanza kupeleka kikaratasi: "Mwambie apige ya Zuhura."

Miaka michache iliyopita nilikuwa kwenye kupamba ya jamaa yangu. Dijei alikuwa kijana wa kiume, na ili mambo yaende akawekewa pazia. Pazia lenyewe lilikuwa shuka mbili zilizofungwa kwa pini. Wazee walikataa kuvua mabuibui, vijana wakavua nusu. Bibi harusi aliingia na wimbo usio wake kwa sababu kijana hakuona mlango. Saa nne feni ikapeperusha shuka, na sijawahi kuona ukumbi mzima ukitafuta mtandio kwa pamoja namna ile. Baadaye kila mtu alicheka, ila mama wa bibi harusi hakucheka, maana alikuwa amelipa pesa nyingi.

Hiyo ndiyo haja yenyewe. Harusi zetu za kike zinahitaji madijei wa kike, na wachache waliopo hugombaniwa hasa msimu baada ya Idd. Najua wapo wanaosema muziki wote ni haramu ila dufu. Mimi si sheikh na sitoi fatwa. Nasema tu kwamba nyumba zilizokwisha kuamua kuweka muziki, basi ziuweke kwa namna inayowalinda wanawake waliomo. Msichana anayefanya kazi hii ndani ya mlango uliofungwa anasitiri wenziwe kuliko kijana aliye nyuma ya shuka.

Kuhusu apige nini, nilimwambia hivi. Asianze na kishindo. Watu wakiingia bado wanasalimiana, wanatafuta viti, basi waekee taarabu ya taratibu. Kisha Zuhura Swaleh, na hapo asubiri aone viuno. Zuhura ndiye aliyeipeleka chakacha kwenye taarabu ya Mombasa kwa raha zake, na ile taishokoto ikianza kulia hata aliyekuja kula tu huinuka. Lakini kuna mtego. Chakacha ina mwendo wa sita, na nyimbo nyingi za sasa zina mwendo wa nne. Ukiziunganisha kwa pupa zinagongana kama mikokoteni miwili Kongowea. Msichana mgeni kwenye kazi bora aache wimbo uishe, apige kimya kidogo, hata vigelegele, ndipo aanze mwingine. Hakuna aliyekufa kwa kimya cha sekunde tatu.

Baada ya chakacha, M'bilia Bel. Kisha wimbo mmoja au miwili ya Kihindi, kwa sababu harusi ya Pwani bila filamu ya Kihindi haijakamilika, na wasichana wa Kesses wanaotoka Garissa na Wajir nao wanaijua. Amapiano aweke katikati, ina mwendo wa pole, kama mapigo 112 kwa dakika, inapumzisha. Singeli ya Dar es Salaam aiache mwisho kabisa. Singeli inapita mapigo 200, na ukiipiga mapema, saa mbili ukumbi mzima umechoka umekaa chini. Nikamwambia pia asisahau yuko nchi ya nani: aweke Emily Chepchumba, kwa heshima ya wasichana wa Kikalenjin waliosilimu na wale majirani wa bweni watakaoalikwa.

Mashine ghali haihitajiki kwa kuanzia. Kuna programu ya Mixxx, ya bure, inafanya kazi kwenye laptopu ya kawaida. Nyimbo ziwe ndani ya kompyuta, asitegemee intaneti ya bwenini. Na jambo la simu nilimsisitizia sana: simu zote zikusanywe mlangoni, na mtu mzima azishike. Video moja ikitoka, hakutakuwa na sherehe ya pili.

Kwa anayetaka kuwasikia hawa wa kitaalamu, matamasha yenyewe hayako mbali. Sauti za Busara, lililoanza 2004, hufanyika Mji Mkongwe, Zanzibar, mwezi wa Februari, na wanawake huwa wengi jukwaani. Kilifi kuna lile la mwaka mpya chini ya mibuyu, la muziki wa kielektroniki, ingawa kwa bei ya tiketi zake watu wa Kilifi wenyewe wengi husikiliza wakiwa nje ya ua.

Sherehe ilifanyika. Alinitumia ujumbe usiku ule saa tano: simu 61 kwenye beseni, umeme ulikatika mara moja, wakaendelea kwa makofi na ndoo hadi ukarudi. Zuhura aliombwa mara tatu. Wiki iliyofuata mama mmoja wa Eldoret alimpigia, ana binti anaolewa, anauliza bei.

Ndugu yangu amejua. Siku mbili hakunisemesha. Juzi kaja kwangu baada ya Isha, akanywa kahawa, akanyamaza, kisha akauliza hizo spika za kununua ni pesa ngapi.