CODESA: macho ya wanainchi ndani ya kituo cha afya

CODESA ni kamati ya maendeleo ya eneo la afya. Wajumbe wake wanachaguliwa kati ya wakaaji, wengi wao wakiwa wa-RECO, na muuguzi mkuu wa kituo anakaa pamoja nao. Kazi nzito ni feza na dawa: kila mwezi wanapashwa kuhesabu dawa zilizobaki, kulinganisha risiti na makuta yaliyoingia, na kuangalia kama bei zimebandikwa ukutani.

Kamati ikilala, njo mgonjwa anatumwa kununua dawa inje. Lakini wajumbe hawana mshahara, tena wanaogopa kumuuliza muuguzi maswali, juu kesho ni yeye atatunza watoto wao. Lalamiko likikwama pale, linapelekwa kwa muganga mkuu wa zoni ya afya. Aliyelipishwa kupita bei aende na risiti yake.