Maji Baridi Mlangoni mwa Bahari: Mto Pangani na Historia ya Chumvi katika Mashamba ya Pwani

Istilahi "maji baridi" humtatiza mwanafunzi wa Rusizi. Anayekaa karibu na chemchemi za moto za Mashyuza, upande wa Bugarama, huitafsiri kwa kipimo cha joto, na hana kosa. Mtu wa pwani halifikirii joto hata kidogo. Kwake maji yasiyo na chumvi ni baridi hata yakiwa vuguvugu, kwa kuwa tofauti inayomhusu ni ile itenganayo mto na bahari. Makala haya yanaifuata tofauti hiyo katika Mto Pangani, kaskazini mashariki mwa Tanzania, na kushikilia kwamba historia ya chumvi katika mashamba ya mlangoni mwake ni historia ya mto kabla ya kuwa historia ya bahari.

Mlangoni mwa mto, maji mawili hushindana kila siku. Bahari ikijaa, maji ya chumvi hupanda mto, ikipwa, hurudi. Wakati wa bamvua hupanda mbali zaidi kuliko wakati wa maji mafu. Kinachoyazuia ni nguvu ya mto wenyewe, hasa mafuriko ya masika, ambayo pia huosha chumvi iliyobaki udongoni. Ardhini nako maji baridi, kwa kuwa ni mepesi, huelea juu ya maji ya chumvi, na kisima kikitekwa kupita kiasi huanza kutoa maji ya chumvichumvi. Kwa hiyo mkulima wa bondeni hutegemea maji ambayo hakuyaelekeza yeye shambani: hutegemea yale yanayopita.

Katika karne ya 19 utegemezi huo ulizaa mali nyingi. Bonde la Pangani likawa nchi ya miwa, na sukari yake ikauzwa ng'ambo. Mali hiyo ilitoka katika jasho la watumwa, na mwanahistoria asiisifu rutuba ya bonde bila kulitaja hilo. Upinzani wa mwaka 1888 dhidi ya Kampuni ya Kijerumani, uliohusishwa na jina la Abushiri, ulianzia katika mji huohuo. Mwaka 1893 miche ya kwanza ya mkonge ililetwa na Richard Hindorf na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mkonge huvumilia ukame, haukuhitaji mafuriko. Tangu hapo bonde likawa na wakulima wakubwa wasiojali sana iwapo mto umefurika au la.

Badiliko kubwa zaidi lilitokea mbali na pwani. Kituo cha umeme kilijengwa kwenye Maporomoko ya Pangani katika miaka ya 1930. Cha Hale kikafuata mwaka 1964. Bwawa la Nyumba ya Mungu, linalokusanya maji ya Kikuletwa na Ruvu kutoka Meru na Kilimanjaro, lilikamilika katika miaka ya 1960, na mwaka 1995 kikafunguliwa kituo kipya cha Pangani chenye uwezo wa megawati 68. Wapo wanaoulaumu umeme moja kwa moja. Lawama hiyo inahitaji kupambanuliwa, maana maji yakishazungusha mitambo hurudi mtoni. Yanayopotea ni yale yanayogeuka mvuke juu ya bwawa na yale yanayonyweshwa mashamba ya juu, miwa na mpunga wa Moshi yakiwemo. Hata hivyo bwawa hufanya jambo jingine lisiloonekana katika hesabu za mwaka: hutwaa maji ya masika na kuyagawa polepole. Jumla yaweza kupungua kidogo tu, ilhali furiko la kuosha chumvi limetoweka.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatanguliza mahitaji ya msingi ya binadamu, kisha akiba ya mazingira. Mpangilio huo ni wa haki. Lakini watumiaji wengine hutambuliwa kwa kibali, na kibali hutolewa kwa anayechota, anayezuia au anayechepusha maji. Mkulima wa mlangoni hachoti wala hachepushi; anachohitaji ni mto ufike baharini ukiwa na nguvu. Lugha ya utawala huyaita maji hayo yaliyopotea baharini. Kwa maoni yangu, neno "yaliyopotea" limemdhuru mkulima huyo kuliko ukame wowote, kwani maji yakishaitwa hivyo, kuyazuia huonekana kuwa ni kuyaokoa.

Hoja hii si kwamba bahari haipandi. Inapanda, na itazidisha taabu. Ila bahari haina ofisi ya kupelekewa malalamiko, na kuitaja peke yake kunawapa nafuu wale waliogawa mto.

Sisi wa Rusizi tunaujua upande wa juu wa kisa cha namna hii. Bwawa la Mururu, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, linazuia mto utokao Ziwa Kivu, na mto huohuo ndio unaopeleka sehemu kubwa ya madini ya chumvi katika Ziwa Tanganyika. Huko Rufiji, bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022. Wakulima wa mpunga wa delta yake hulima pale ambapo maji ya mto yanaisukuma bahari nyuma, na vipimo vya chumvi vitakavyochukuliwa huko katika masika zijazo ndivyo vitakavyofaa kulinganishwa na vya Pangani.