Sanduku la Kufuli Nne: Wazee, Ugonjwa wa Kudumu na Diakonia ya Matengenezo ya Kanisa

Mchungaji aendapo kumtembelea mzee mwenye kisukari, shinikizo la damu au baridi yabisi, mara nyingi huwa amejiandaa kwa sala mbili: ya kuombea kupona, au ya kumkabidhi Mungu mtu aliye katika kufa. Lakini mzee huyu haponi, wala hafi. Huenda ataishi na ugonjwa wake miaka kumi au ishirini. Je, Kanisa lina neno gani, na tendo gani, kwa muda huo mrefu wa katikati? Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba swali hili liliwakabili pia baba zetu wa karne ya 16.

1. Luther aliye mgonjwa

Martin Luther hakuandika juu ya ugonjwa kama mtazamaji. Mwaka 1527 alishikwa na kizunguzungu kikali, na Februari 1537, akiwa Schmalkalden, mawe ya figo nusura yamwue. Maradhi hayo hayakumwacha mpaka alipofariki tarehe 18 Februari 1546, akiwa na umri wa miaka 62. Hata hivyo, kati ya mwaka 1535 na 1545 alifundisha kitabu cha Mwanzo, na siku chache kabla ya kufa alikuwa bado akihubiri huko Eisleben. Hakungoja apone ndipo atumike.

Februari 1530 baba yake, mzee Hans, aliugua. Luther alishindwa kusafiri kwa sababu ya hatari za njiani. Alimwandikia barua ya faraja, akamtuma mpwa wake akaone kama wazazi wangeweza kuletwa Wittenberg wapate kutunzwa karibu naye. Hans alifariki Mei mwaka huohuo. Tuangalie mpangilio wa jambo hili: pamoja na neno la Injili lilikwenda swali la nani atamhudumia mzee.

2. Utaratibu wa Leisnig

Mwaka 1523 usharika wa Leisnig, huko Saksonia, ulitunga utaratibu wa Sanduku la Pamoja, na Luther akauandikia dibaji. Mali ya Kanisa ilipasa kuwekwa katika sanduku moja, na kutoka humo wasaidiwe wale wasioweza kufanya kazi kwa sababu ya uzee au ugonjwa. Wasimamizi walikuwa kumi: wawili wa ukoo wa kabaila, wawili wa baraza la mji, watatu wa wenyeji wa mji na watatu wa wakulima. Sanduku lilikuwa na kufuli nne, na kila kundi lilishika ufunguo wake. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kulifungua peke yake.

Lakini historia haituruhusu kuupamba utaratibu huu. Baraza la mji lilikataa kuachia mali iliyotakiwa kuingizwa sandukuni, na Luther mwenyewe alilalamika. Maandishi yalikuwa mema. Wazee waliendelea kungoja.

3. Haina na Merxhausen

Huko Hesse jambo lilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1533 Mtawala Philip aligeuza nyumba za watawa za Haina na Merxhausen ziwe hospitali za maskini wa vijijini, Haina kwa wanaume na Merxhausen kwa wanawake. Hazikuwa hospitali za kutibu na kuruhusu. Walipokelewa wazee, vipofu, viwete na wagonjwa wa akili, yaani watu ambao huenda wangebaki humo mpaka kufa. Walipata chakula, nguo na mahubiri, na mwenye nguvu kidogo alipewa kazi ya kadiri yake. Hapo tunaona hekima kubwa: mgonjwa wa kudumu si mpokeaji tu, bado ana wito wake.

Hata hivyo, wema huo ulikuwa na gharama yake. Aliyeingia aliachana na kijiji chake na jamaa zake.

4. Sisi je?

Mzee wa kwetu kwa kawaida huugulia nyumbani. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi. Lakini sera haimkumbushi bibi kumeza dawa yake ya jioni, wala haimshiki mkono kwenda kliniki. Kazi hiyo huangukia mjukuu, au haimwangukii mtu.

Usharika unaweza kujifunza kutoka kote kutatu. Kutoka Leisnig: fedha ya diakonia iwe na wasimamizi wengi na hesabu ya wazi, na kweli itolewe. Kutoka Haina: mzee apewe kazi anayoiweza, awe mwombezi, mshauri wa vijana, mwalimu wa nyimbo. Kutoka kwa Luther: barua isiende bila mtu wa kuangalia hali ya nyumba. Mwenye Zaburi ya 71 alimwomba Mungu asimtupe wakati wa uzee. Anayeomba hivyo leo yumo katika orodha ya washarika wetu, na pengine hajaonekana ibadani tangu miguu ilipomshinda.