Mabira: Msitu Uliopona Nusu na Hoja ya "Uharibifu"

Msafiri atokaye Kampala kwenda Jinja hupita katikati ya Mabira, hifadhi ya takriban kilomita za mraba 300 yenye zaidi ya spishi 300 za ndege, akadhani kuwa msitu huo haujawahi kuguswa. Historia yasema vinginevyo. Katika miaka ya 1970 wakulima walifyeka sehemu zake, wakaja kuondolewa mwishoni mwa miaka ya 1980. Miti ikarudi, ingawa penye majeraha makubwa ulitamalaki mti wa kigeni, Broussonetia papyrifera.

Makovu hayo yaligeuzwa hoja. Serikali ilipokusudia mwaka 2007 kuipa kampuni ya sukari ya SCOUL hekta 7,100, watetezi wa mpango walidai kuwa eneo hilo lilikwisha kuharibika. Hoja hiyo ni dhaifu: msitu unaochipua upya huwahifadhi kima na vyanzo vya maji, shamba la miwa haliwezi. Maandamano ya Aprili 12 jijini Kampala yaligharimu maisha, na hasira ikawaangukia Waasia wasiohusika (doa ambalo simulizi za ushindi hupenda kulifunika). Ufalme wa Buganda ulijitolea kutoa ardhi mbadala. Mpango ukasitishwa, mwaka 2011 Rais Museveni akaufufua, kwa hoja ileile.