Kanyanga na Mikataba ya Kale

Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalibana uingizaji wa pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ulikataza hata kuikeneka. Nayo dhamana ya Shirikisho la Mataifa ya 1922, iliyoiweka Ruanda-Urundi chini ya Ubelgiji, iliamuru biashara ya vileo hivyo isimamiwe kwa ukali. Lakini mwambaoni Rumonge kanyanga haingoji meli wala forodha: hukenekwa kwa pipa na mrija, nyuma ya nyumba. Askari amwagapo dumu moja, jingine liko motoni. Mikataba hiyo ilihesabu shehena, mnywaji ikamsahau. Hakuna kifungu kilichoeleza apelekwe wapi mtu atetemekaye alfajiri kwa kukosa kileo, na huenda mtu huyo naye amevaa sare.