Kuwakutanisha Watu: Funzo la Wajir

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike machache juu ya maendeleo ya jamii, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoifanya serikalini tangu nitoke Chuo Kikuu. Nimeona heri nisiandike habari za idara, maana habari za idara humchosha hata mwenye idara. Badala yake nitasimulia kisa kimoja cha historia ya nchi yetu ambacho kila kijana anayetazamia kuwatumikia watu yampasa akijue. Kisa chenyewe ni cha Wajir.

Wajir iko kaskazini mashariki ya Kenya, katika nchi kavu ya ngamia na mbuzi. Ardhi yake ina chokaa, na maji hupatikana katika visima vifupi hata wakati wa kiangazi. Yasemekana kuwa jina lenyewe latokana na neno la Kiborana lenye maana ya kukutana, kwa sababu wafugaji wa koo mbalimbali walikuwa wakikutana hapo kunywesha mifugo yao. Koo kubwa za Wasomali katika sehemu hiyo ni Ajuran, Degodia na Ogaden. Basi tangu asili mji huo ulisimama kwa sababu watu wasiokuwa wa ukoo mmoja walikubali kuteka maji mahali pamoja.

Lakini uhusiano wa watu hao na Serikali ulikuwa wa mashaka tangu mwanzo. Mwishoni mwa 1963, wiki chache tu baada ya Uhuru, hali ya hatari ilitangazwa katika eneo lile kwa sababu ya vita vilivyojulikana kama vita vya Shifta. Oktoba 1967, Rais Kenneth Kaunda wa Zambia aliwapatanisha Mzee Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Somalia, Mohamed Ibrahim Egal, katika mji wa Arusha. Upatanishi ule ulikuwa wa maana sana, nao ulituliza mambo baina ya dola mbili. Hata hivyo mchungaji kisimani hakuuona. Sheria za hatari ziliendelea kutumika hadi mwanzo wa miaka ya 1990, na Februari 1984 watu wengi waliuawa katika uwanja wa ndege wa Wagalla wakati wa operesheni ya askari wa Serikali. Mwanzoni Serikali ilitaja watu 57. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotolewa 2013, ilisema huenda waliokufa walikaribia 1,000.

Nimeyataja hayo ili msomaji aelewe jambo moja. Balaa lilipoingia Wajir mwanzoni mwa miaka ya 1990, hakuna aliyemkimbilia ofisa wa Serikali kuomba amani. Ofisa alikuwa akiogopwa.

Na balaa lenyewe lilikuwa zito. Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka Somalia, na bunduki zikavuka mpaka pamoja na wakimbizi. Ukame ukaua mifugo. Uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 ukazidisha uhasama, kwani kila ukoo ulikiona kiti cha bunge kuwa ni mali yake. Mapigano yakaanza; mamia ya watu wakafa, mifugo ikaporwa, na watumishi wengi wakahama. Hata soko la mji liligawanyika. Mwanamke wa ukoo huu alizuiwa kuuza au kununua mahali palipotawaliwa na ukoo ule.

Hapo sokoni ndipo tiba ilipoanzia. Mwaka 1993 wanawake wachache waliokutana harusini walianza kuulizana: ikiwa twaweza kula pamoja hapa, kwa nini tusiweze kununua maziwa pamoja kule? Mmoja wao alikuwa Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir wa mwaka 1964. Waliwakusanya wanawake wa koo zote, wakaweka watu wa kulichunga soko ili kila mmoja aweze kuuza na kununua bila kubughudhiwa. Na kabla ya kuendelea waliulizana swali gumu: je, ikiwa watu wa ukoo wangu watawaua jamaa zako, utaendelea kufanya kazi hii pamoja nami? Asiyeweza kujibu ndiyo hakufaa kuingia. Sijui chuo chochote cha utawala kinachotoa mtihani mgumu kuliko huo.

Soko lilipotulia, waligundua kwamba wanawake peke yao wasingeweza kukomesha vita, kwa kuwa maamuzi ya koo yalikuwa mikononi mwa wazee. Basi wazee wakaendewa. Hapa pana hekima ambayo napenda vijana waishike. Mikutano ya wazee haikuongozwa na ukoo wenye nguvu, wala na ofisa. Waliopewa kazi ya kupatanisha walikuwa wazee wa ukoo mdogo kuliko zote, kwa sababu ukoo mdogo hauna jeshi la kutisha na haushukiwi kutaka kutawala. Wakubwa walikubali kuongozwa na wadogo pasipo kuvunjiwa heshima. Septemba 1993 wazee wakatoa Azimio la Al-Fatah, lililoweka kanuni za kurudisha amani na za mahusiano ya koo tangu siku hiyo.

Wengi wetu tungefikiri kazi imekwisha hapo: azimio limetiwa sahihi, chai imenywewa, ripoti imepelekwa makao makuu. La hasha! Watu wa Wajir walijua kuwa karatasi haichungi ngamia. Vijana walioweka silaha chini walihitaji riziki, kwani kijana asiye na kazi huikumbuka bunduki yake. Kikaundwa kikundi cha vijana, na kadhalika kikosi cha wazee, wanawake, viongozi wa dini na maofisa wa usalama, ambacho kilikwenda upesi popote palipotokea wizi wa mifugo au mauaji, kabla ya kisasi kulipwa.

Mwaka 1995 vikundi hivyo viliungana kuwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Tazameni jina hilo: amani na maendeleo pamoja. Kamati iliwekwa chini ya Kamati ya Maendeleo ya Wilaya, chombo kilichopewa uzito na mpango wa 1983 wa kuhamishia upangaji wa maendeleo wilayani. Hivyo Mkuu wa Wilaya alipata kiti, lakini alikipata katika baraza ambalo wananchi walikuwa wamekwisha kulijenga. Hiyo ndiyo tofauti kubwa. Serikali haikuwaita watu kuja kusikiliza. Iliitwa, ikaja, ikasikiliza.

Mfano huo ulienea. Kamati za amani ziliundwa katika wilaya nyingine, na Dekha Ibrahim Abdi alipata tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Nchi ilipowaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, alikuwa miongoni mwa wananchi waliohimiza amani, pamoja na Balozi Bethuel Kiplagat na Majenerali Daniel Opande na Lazarus Sumbeiywo, huku Kofi Annan akiwapatanisha wakubwa hadi mapatano ya Februari 28, 2008. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 159, imeagiza usuluhishi na njia za jadi zikuzwe, maadamu hazivunji haki za binadamu. Dekha alifariki Julai 2011 kufuatia ajali ya gari.

Sisemi kwamba Wajir iliponywa milele. Mwaka 2014 Wagarre na Wadegodia walipigana tena katika Wajir na Mandera, watu wakafa na wengine wakahama. Amani ni kama kisima cha nchi kavu: kisipozolewa mchanga kila msimu, hufukika.

Ndugu zangu tuliosoma hapa, wengi wetu leo tumekalia viti vya mbele katika mikutano. Nanyi vijana mlioko madarasani mtavikalia kesho. Kila aliyewahi kuwa kiranja anajua jinsi ilivyo rahisi kukata shauri, na jinsi ilivyo vigumu kuwaketisha wagomvi wawili mpaka walikate wenyewe. Yeyote atakayepelekwa mahali penye ugomvi wa maji, wa ardhi au wa malisho, na aulize kwanza ni nani tayari wanaokutana hapo: sokoni, kisimani, harusini. Awaendee hao, aketi nyuma, na kalamu yake aiweke mfukoni kwa muda.